Jina la Khalidi: ni nani anayedumu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kubaki wakati kila kitu kinatoweka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.



Baba mmoja wa jamaa yetu alinijia baada ya swala ya alfajiri. Mwaka uliopita alizika mtoto wake wa kiume aliyeitwa Khalidi, jina la babu yake. Mtoto aliishi miezi minne, homa ikamchukua. Sasa Mola amemruzuku mtoto mwingine wa kiume, na siku ya saba ilikuwa imekaribia. Baba alitaka kumwita tena Khalidi. Shangazi ya mtoto akakataa kabisa. Alisema: "Jina hilo maana yake ni mtu asiyekufa. Mlimjaribu Mungu, ndiyo maana alimchukua. Huyu mwiteni Masumbuko, mauti yasimtamani." Mama ya mtoto hakusema kitu, alikuwa akilia tu. Baba akaniuliza: "Mwalimu, nifanye nini?"

Nilimjibu, na kwa ruhusa yake ninaandika jibu katika karatasi hii, kwa maana najua swali hili haliko katika nyumba moja tu.

1. JINA LINATOKA WAPI

Khalid ni neno la Kiarabu lenye herufi tatu za asili: kha, lam na dal. Maana yake ni mwenye kudumu, mwenye kubaki muda mrefu bila kuondoka. Waarabu walilitumia kabla ya Uislamu, na mwanamke huitwa Khalida. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalitamka kila mtu kwa ulimi wake: Khalidi, Halidi, na wengine Kalidi. Wanaoandika kwa Kifaransa huandika Khaled. Jina ni lile lile.

Lakini msilichanganye na Khaliq, lenye herufi ya qaf mwishoni. Al-Khaliq ni Muumba, nalo ni jina la Mwenyezi Mungu peke yake. Mtu huitwa Abdul-Khaliq, yaani mtumwa wa Muumba. Mkifika ofisini kuandikisha mtoto, angalieni karani ameandika herufi gani.

Sasa fungueni Kurani muone neno hili limekaa wapi. Katika Surat Taha, aya ya 120, Shetani alimdanganya baba yetu Adam kwa mti wa khuld, yaani mti wa kudumu. Katika Surat al-Humaza tunaelezwa habari ya mtu anayekusanya mali na kuihesabu, akidhani mali yake itamdumisha. Katika Surat al-Anbiya, aya ya 34, Mola anamkumbusha Mtume wake kwamba hakuna mwanadamu yeyote kabla yake aliyepewa kudumu hapa duniani. Na katika Surat Qaf, aya ya 34, siku ambayo wacha Mungu wataingia Peponi imeitwa siku ya kudumu.

Mmeona, ndugu zangu? Neno ni moja. Anayelitafuta duniani kwa mti au kwa mali amedanganyika. Anayelitarajia Akhera kwa imani na amali amelipata mahali pake.

2. JE, NI DHAMBI KUMWITA MTOTO KHALIDI?

Shangazi alisema kwamba jina hili ni kumjaribu Mungu. Tumjibu kwa heshima, kwa sababu alisema kwa uchungu wa mtoto aliyemzika. Dalili yetu ni hii: Mtume (s.a.w.) alikuwa akibadilisha majina mabaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, jina lenye maana ya muasi, alimwita Jamila. Mtu mmoja aliitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume akamwambia awe Sahl, maana yake wepesi. Yule mtu akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema baadaye kwamba ugumu ule haukutoka katika ukoo wao.

Lakini akina Khalidi walikuwa wengi mbele ya Mtume (s.a.w.), wakila naye na kuswali nyuma yake, na hao aliwaacha na jina lao. Kama lingekuwa jina la kumshirikisha Allah, asingelinyamazia hata siku moja. Mzazi anayemwita mtoto Khalidi anaomba heri: mtoto aishi umri mrefu katika utii, kisha adumu Peponi. Hiyo ni dua, na dua si kiburi.

3. AKINA KHALIDI WATATU WALIOMWONA MTUME (S.A.W.)

Wa kwanza ni Khalid bin Said bin al-As (r.a.). Ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu Makka. Aliota amesimama ukingoni mwa moto, baba yake anamsukuma atumbukie, na Mtume anamshika kiunoni asianguke. Akamweleza Abu Bakr ndoto yake, kisha akaenda kusilimu. Baba yake, aliyekuwa mkubwa katika Makureshi, alimpiga kwa fimbo hadi fimbo ikavunjika, akamnyima chakula. Khalid akahama na mke wake kwenda Habasha, katika bara letu hili la Afrika. Huko akazaliwa binti yake, aliyejulikana kwa jina la Umm Khalid. Waliporudi Madina mwaka wa 7 wa Hijra, mtoto yule alikuja kwa Mtume akiwa amevaa kanzu ya manjano. Mtume akamwambia "sanah", neno la Kihabeshi lenye maana ya nzuri, akamwombea aivae mpaka ichakae. Umm Khalid akaishi maisha marefu. Baba yake aliuawa katika vita vya Sham.

Wa pili wengi wenu mnamjua, lakini hamjui kwamba aliitwa Khalid. Ni Abu Ayyub al-Ansari (r.a.). Jina lake ni Khalid bin Zayd. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, ngamia wake alipiga magoti karibu na nyumba ya mtu huyu, na Mtume akakaa kwake miezi kadhaa. Mtume alikaa chini, Abu Ayyub na mkewe juu. Siku moja mtungi wao wa maji ukapasuka. Wakachukua blanketi lao, nalo walikuwa na hilo hilo moja tu, wakayafuta maji haraka yasije yakamdondokea Mtume. Wakabaki bila cha kujifunika. Abu Ayyub alifariki akiwa mzee sana, karibu na mwaka 672, mbele ya kuta za Konstantinopoli. Waturuki walipouteka mji huo mwaka 1453, Sultani Mehmed wa Pili alijenga msikiti mahali pa kaburi lake, na mtaa ule wa Istanbul unaitwa Eyüp hadi leo. Watu wanamkumbuka kwa ukarimu wake, na jina lake la Khalid wengi wamelisahau.

Wa tatu ni Khalid bin al-Walid (r.a.), wa ukoo wa Makhzum. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, alikuwa upande wa makafiri akiongoza wapanda farasi. Alisilimu mwaka wa 8 wa Hijra. Muda mfupi baadaye, huko Muta, waliuawa mmoja baada ya mwingine Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha (r.a.). Khalid akashika bendera na kuliokoa jeshi. Panga tisa zilivunjika mkononi mwake siku hiyo. Mtume akamwita Upanga wa Allah.

Vijana mnapenda sehemu hiyo. Basi someni na iliyobaki. Mwaka ule ule Khalid alitumwa kwa watu wa Banu Jadhima, akawaua watu waliokuwa wamekwisha kusema kwamba wameiacha dini yao ya zamani. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliinua mikono akajitenga mbele ya Allah na kitendo kile, na akamtuma Ali (r.a.) awalipe wafiwa dia. Upanga wa Allah naye alikosea, na kosa lake halikufichwa. Sisi tulioona silaha katika nchi yetu tunajua uzito wa jambo hilo. Damu ya mtu aliyejisalimisha ina haki, hata kama aliyeimwaga ana jina kubwa.

Umar (r.a.) aliposhika ukhalifa mwaka 634 alimwondoa Khalid katika uongozi wa jeshi. Inasimuliwa kwamba Umar alihofia watu wasije wakaanza kumtegemea Khalid wakasahau kwamba ushindi unatoka kwa Allah. Khalid hakuasi. Alipigana chini ya Abu Ubayda kama askari mwingine yeyote. Alifariki mwaka 642, na wengi wanasema ni mjini Homs, huko Sham. Alisikitika kwamba baada ya vita vyote vile, mwili ukiwa umejaa makovu, anakufa kitandani. Mwenye jina la kudumu hakuuawa na maadui wa nchi mbili kubwa, lakini saa yake ilipofika, kitanda kilitosha.

4. AKINA KHALIDI WALIOTAWALA

Karibu na kwetu, Unguja, alikuwako Khalid, mtoto wa Sultani Barghash. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia katika jumba la kifalme akajitangaza sultani. Waingereza hawakumtaka. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, meli zao zilianza kupiga mizinga. Kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha, kama dakika 40 tu, na watu wa upande wake wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimkamata wakampeleka uhamishoni visiwani. Alifia Mombasa mwaka 1927. Ufalme wa Khalid ulidumu siku mbili.

Na huko Saudia alitawala Mfalme Khalid bin Abdulaziz kuanzia mwaka 1975. Alifariki mwezi wa Juni 1982, akazikwa Riyadh katika makaburi ya Al-Oud, katika udongo kama raia wengine. Mwaka uliofuata uwanja mkubwa wa ndege ulifunguliwa mjini humo ukiwa na jina lake. Jina limeandikwa juu ya mlango, na mwenyewe yuko chini ya mchanga.

5. MTOTO ALIYEFARIKI

Sasa turudi kwa yule baba na mkewe. Mtume wetu (s.a.w.) naye alizika mtoto mchanga. Ni Ibrahim, mwana wa Mariya, ambaye hakufikisha miaka miwili. Mtume alimpa jina la baba yetu Ibrahim, Kipenzi cha Allah. Siku mtoto alipofariki jua lilipatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume, huku macho yake yamelia kwa mtoto wake, aliwakataza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni dalili mbili za Allah, na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

Ndugu yangu, kama jua halikupatwa kwa sababu ya mtoto wa Mtume, mtoto wako atakufaje kwa sababu ya herufi tatu za jina? Jina la Ibrahim halikuwa na kosa, na jina la Khalidi halina kosa. Mola alikuwa amekwisha kuandika umri wa mtoto yule kabla hamjafikiria jina.

Na wewe mama uliyenyamaza na kulia, hukumkosea Mungu. Kulia si dhambi. Mtoto aliyefariki hajui dhambi hata moja, na sisi tunamtarajia Peponi. Huko kudumu kwake hakuna homa. Jina mlilompa limemfaa kuliko mlivyofikiri.

Kuhusu jina la Masumbuko, sitawatukana ndugu zetu wanaoitwa Mateso, Mashaka au Shida. Hawakujichagulia, na wengi wao ni watu wema. Lakini tusimpe mtoto jina baya kwa kudhani kwamba tunayadanganya mauti. Malaika wa mauti hachagui majina mazuri. Na homa nayo haiulizi mtoto anaitwa nani. Inauliza kama amelala ndani ya chandarua, na kama mlimpeleka kituo cha afya siku ya kwanza au mlingoja hadi siku ya nne. Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwetu. Tuyafanye, kisha tumtegemee Allah.

6. JIBU

Kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyefariki hakuna kizuizi katika sheria yetu. Baba akitaka Khalidi, amwite Khalidi. Lakini kama jina hilo kila likiitwa linamchoma mama moyoni, baba asilazimishe. Majina mema ni mengi: Abdallah, Abdurrahman, Salim, Yahya. Amani ya nyumba ni bora kuliko kushindania jina. Jambo moja tu tusilikubali: kuchagua jina kwa kuogopa kitu kisichokuwa Allah.

Baba alirudi nyumbani akaketi na mkewe na dada yake. Mama ndiye aliyesema: aitwe Khalidi, lakini huyu alale ndani ya chandarua. Shangazi alikuja kwenye akika akambeba mtoto mwenyewe.

Ewe Mola, wape watoto wetu umri mrefu katika utii wako, wafariji waliozika, na utudumishe sote pale ambapo hakuna kufa. Amin.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Tafadhali usiitupe karatasi hii chini wala usifungie bidhaa, ina majina ya Mwenyezi Mungu.