Mafungo ya Wawili: Kimya Kisicho cha Kununiana



Katika ndoa kuna kimya cha aina mbili. Cha kwanza mnakijua. Baba anaingia jioni, anavua viatu na kushika simu yake. Mama anaweka chakula mezani bila neno. Anayetaka kusema jambo anamtuma mtoto: "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Siku tatu zapita, hata wiki, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Kimya hicho ni silaha, nacho huumiza kuliko maneno makali, kwa kuwa neno laweza kujibiwa. Kimya cha pili ni kile cha mafungo, na ndicho tutakachojifunza mwezi huu.

Wengi wetu tukisikia neno "mafungo" twafikiri ni mambo ya mapadri na masista. Hebu fungua Injili ya Marko 6:30-34. Mitume wamerudi kutoka kazini, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawapati. Mama yeyote mwenye watoto wadogo aelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Bwana Yesu hawaongezei kazi, bali anawaita waende kando wapumzike kidogo. (Umati ukawatangulia huko, na mapumziko yakawa mafupi. Yatawapata nanyi pia, msishangae.)

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1922 kuwa msimamizi wa mafungo ya kiroho, hakuanzia utawani. Alikuwa askari, akavunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Ni katika miezi ya kulala kitandani, hana la kufanya ila kusoma na kufikiri, ndipo alipoanza kusikia moyo wake. Nasi pengine tungehitaji kuvunjika mguu ili tutulie, lakini kuna njia isiyo na maumivu hayo.

Kwanza mkubaliane

Mtume Paulo anawaambia wanandoa, katika 1 Wakorintho 7:5, kwamba wasinyimane ila kwa kupatana, kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane. Hapo mna masharti matatu, nayo yafaa kwa mafungo yote ya watu wa ndoa: mapatano, kikomo, na kurudi.

Mume anayesema Ijumaa usiku, "Kesho naenda mafungo," akamwachia mkewe ng'ombe, watoto na wageni wa Jumapili, huyo hajaenda mafungo. Ametoroka nyumbani akiwa na Biblia mkononi. Vivyo hivyo mke ambaye hakosi mkesha wala novena, na mumewe hupata habari za safari zake kwa majirani. Sala isiyo na mapatano huwa sababu nyingine ya ugomvi, na nimeona ikitokea hata katika nyumba za viongozi wa jumuiya.

Kwa hiyo semezaneni mwezi mmoja kabla. Nani atabaki na watoto? Bibi yao, au wasimamizi wenu wa ndoa, au familia moja ya Jumuiya Ndogo Ndogo ambayo nanyi mtawakalia watoto zamu yao ikifika. Gharama nayo isiwafungie njia. Wekeni kidogo kidogo, kama mnavyochanga kwenye chama, na muulize bei mapema kwa simu, maana nyumba nyingi za mafungo hupokea watu kwa kuandikisha.

Mahali pako pengi. Kuna nyumba ya Mwangaza ya Wajesuiti huko Nairobi, inayofuata mafundisho ya Mtakatifu Inyasi. Kuna Bustani ya Ufufuko huko Karen, alipozikwa Kadinali Maurice Otunga aliyefariki mwaka 2003. Hapo waweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kuna Subukia, Patakatifu pa Kitaifa pa Bikira Maria katika Jimbo la Nakuru, penye chemchemi mlimani. Lakini msiende Subukia siku ya maombi ya kitaifa mkitafuta kimya! Siku hiyo ni ya hija na umati. Nendeni siku ya kawaida. Na mlio mbali, waulizeni masista wa karibu nanyi kama wana chumba na kikanisa cha kuwaazima kwa siku moja. Yesu aliye katika tabernakulo ya Karen ndiye aliye katika ya kwenu.

Siku yenyewe

Asubuhi mtengane. Mmoja aende kikanisani, mwingine chini ya mti, simu zikiwa zimezimwa. Nasisitiza mtengane, kwa sababu mkiketi pamoja mara moja mtaanza kuzungumzia karo.

Usiende na faili ya makosa ya mwenzako. Anayekaa kwenye benchi akihesabu alivyokosewa hajanyamaza. Amehamisha ugomvi kutoka jikoni hadi bustanini. Anza kwa kushukuru, tena kwa mambo yanayoonekana: aliniuguza, alimzika mama yangu kwa heshima, hajalala nje. Kisha umwombe Roho Mtakatifu mwanga, uyapitie majuma machache yaliyopita polepole. Ni wapi nilimsikiliza? Ni wapi nilijifanya sisikii? Ukisinzia usihuzunike. Mwili uliochoka nao una haki yake.

Mchana mkutane na karatasi. Njia hii ilienezwa na Padre Gabriel Calvo wa Hispania, aliyeanza kuwakusanya wanandoa mwishoni mwa juma huko Barcelona mwaka 1962. Kila mmoja aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mwenzake, wabadilishane, kila mtu asome mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Asiyezoea kuandika aseme, na mwenzake asimkatize. Atakayejibu aanze kwa kurudia alichoelewa: "Umesema unaogopa."

Chukua mfano wa mume aliyechukua mkopo wa Sacco bila kumwambia mkewe. Mke anajua tangu zamani, aliona karatasi mfukoni alipokuwa akifua. Miezi sita wamekaa, yeye akijua na mume akificha, na mazungumzo yao yote ni ya unga na sare za shule. Nyumbani jambo kama hilo hutoka kwa kelele, likaishia kwa mlango kubamizwa. Kwenye barua laweza kutoka hivi: "Nilipoiona ile karatasi sikukasirikia pesa. Nilihisi hunihesabu." Mume akisoma maneno hayo mara mbili, peke yake, hana wa kumfokea. Deni halitaondoka siku hiyo, ila sasa linabebwa na wawili.

Padri akiwapo, mpokee Sakramenti ya Upatanisho, kila mmoja kwa zamu yake. Na usimuulize mwenzako alichoungama, hata kwa mzaha mkiwa kwenye matatu ya kurudi.

Neno moja zito kabla sijaendelea. Ikiwa nyumbani kuna kipigo, mafungo si dawa ya kuanza nayo. Mama anayepigwa asiambiwe aende akanyamaze na kusali zaidi. Atafute kwanza usalama wake na wa watoto, amwone padri au mtu anayemwamini, na ikibidi aende polisi. Kunyamaza amekwisha kunyamaza vya kutosha.

Ninyi wengine, kabla hamjatoka langoni kwa masista, chagueni jioni moja ya kila juma, nusu saa watoto wakishalala, televisheni ikiwa imezimwa. Dakika kumi za kunyamaza pamoja, zilizobaki za kusemezana. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani, na watoto waambiwe kwamba saa hiyo baba na mama hawaitwi, ila kama kuna mgonjwa.