Mfumo wa Mtandaoni au wa Ofisini? Vidokezo kwa Wafanyabiashara wa Same

Uwe na duka la jumla Same mjini, mashine ya mpunga Ndungu au unanunua tangawizi Mamba Myamba, siku hizi wauza programu watakufikia. Mmoja atakuambia ulipe kila mwezi, kumbukumbu zikae mtandaoni. Mwingine atakuambia ununue moja kwa moja, ziwekwe kwenye kompyuta ya ofisini. Kabla hujatoa hela, pitia haya.

1. Anzia kwenye mizani. Hesabu ya tangawizi huanzia pale gunia linapopimwa, na huko ni milimani. Mtandao unaoshika vizuri stendi ya Same unaweza kupotea ukishavuka kilima kimoja. Basi nenda na simu yako kwenye kituo chako cha kununulia siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa, ujaribu kuingiza mizigo ya wakulima kadhaa mfululizo. Ikigoma, achana na mfumo unaotaka intaneti muda wote. Dai ule unaohifadhi kwenye simu kwanza, kisha unapeleka mtandao ukirudi. Kwa mnunuzi wa milimani, mimi naona hili linatangulia hata bei.

2. Jiandae kwa kukatika. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa, ikakosekana kwa siku kadhaa. Kwa hiyo chapisha orodha ya wadaiwa na bei kila wiki.

3. Seva, yaani ile kompyuta ya ofisini, nayo ina gharama zake. Same ni joto na vumbi, na umeme ukirudi kwa kishindo unaunguza vifaa. Utahitaji UPS (betri ya akiba), chumba chenye hewa na kufuli, na fundi anayefika siku hiyohiyo. Nakala ya kumbukumbu isikae jengo moja na kompyuta: mwizi au moto huchukua vyote. Kama huna wa kuisimamia, duka la mjini litahudumiwa vizuri zaidi na mfumo wa mtandaoni.

4. Piga hesabu ya miaka mitano. Ada ya mwezi zidisha mara 60. Programu nyingi za nje hulipiwa kwa dola, kwa kadi ya benki, kwa hiyo shilingi ikishuka ada inapanda. Wala usidhani ukinunua moja kwa moja umemaliza: mwaka 2024 kampuni ya Intuit iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo kadhaa ya programu yake ya hesabu, QuickBooks, ya kwenye kompyuta. Programu za biashara kama Odoo na ERPNext zinaweza kukaa mtandaoni au kwenye seva yako. Ni mahali pazuri pa kuanzia kama bado unasita.

5. Hakikisha utatoka na kumbukumbu zako. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka uzitunze miaka mitano, hata ukiacha kulipia programu. Wiki ya kwanza kabisa ya majaribio, toa kila kitu kwenye Excel, ufungue, usome. Wauzaji wakikupiga chenga, ondoka. Uliza pia seva zao ziko nchi gani. Majina na namba za simu za wakulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti.

6. Vyama vya ushirika, kumbukeni MUVU. Mfumo huo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika tayari uko mtandaoni. Muulizeni muuzaji takwimu za programu yake zitaingiaje humo, karani asije akaandika kitu kilekile mara mbili.

7. Nywila iwe kwa watu wawili. Akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya biashara, isiwe ya karani wala ya fundi. Karani akiacha kazi, badilisha nywila siku hiyohiyo, kabla hajakabidhi funguo za stoo.