Soya ya uji isinuke ubichi

Swali: Nilisagisha soya mbichi na mahindi. Uji unanuka ubichi na mtoto anavimbiwa tumbo. Nakosea wapi?

Jibu: Soya haisagwi mbichi. Ina viambato vinavyozuia protini isisagike tumboni, na moto ndio unaoviharibu. Sokoni chagua punje kavu, nzima, zisizotobolewa wala kunuka uvundo. Chambua, osha, kisha zitumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika 20 hadi 25. Moto huo pia huondoa ile harufu. Mwaga maji, fikicha maganda yatoke, anika zikauke kabisa, ndipo upeleke mashineni. Changanya vikombe vitatu vya mahindi kwa kimoja cha soya. Saga kidogo kidogo: soya ina mafuta mengi, unga wake huchacha upesi.