Ghala la Chakula na Ufunguo Wake



Mtu apitaye Rangwi wakati wa mavuno huona magunia ya viazi na kabichi yamepangwa kando ya njia, yakingoja gari la kwenda Tanga au Dar es Salaam. Mvua ikizidi, njia huteleza, gari hukawia, na kabichi huoza pale pale. Na pengine katika mwezi huo huo, hatua chache tu toka barabarani, yuko mjane asiye na kitu chunguni. Basi chakula kipo, na njaa ipo. Kilichokosekana ni njia ya kuvikutanisha. Katika somo hili tutajifunza habari za watu walioitafuta njia hiyo, kisha tutaangalia hali ya yule anayeitegemea.

1. Chanzo chake

Mwaka wa 1967, katika mji wa Phoenix huko Marekani, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akisaidia kuwapikia maskini. Mama mmoja mwenye watoto wengi alimweleza ya kuwa huwalisha watoto wake vyakula vinavyotupwa nyuma ya maduka, navyo bado ni vizima. Akasema ingefaa pawepo mahali kama benki, wenye ziada waweke na wenye haja watoe. Van Hengel akalishika neno lile, akafungua ghala lililoitwa St. Mary's Food Bank. Tangu hapo benki za chakula zikaenea. Ujerumani ilianza Berlin mwaka wa 1993. Wao huziita Tafel, maana yake meza, na sasa ziko zaidi ya 900. Jirani zetu nao wanayo Food Banking Kenya, iliyoanza mwaka wa 2017. Hiyo hukusanya mboga na matunda ambayo wanunuzi waliyakataa kwa umbo tu, wala si kwa ubovu.

2. Jinsi ifanyavyo kazi

Ghala la namna hii halilimi. Hupokea ziada ya wakulima na wenye maduka, na vipaji vya watu wenye huruma. Wasaidizi, wengi wao bila mshahara, huchagua vizima na vibovu, hupima, huandika, kisha hugawa kwa shule, kwa vituo vya watoto, au kwa mtu mwenyewe.

Uingereza iko jamii iitwayo Trussell, ambayo ghala lake la kwanza lilifunguliwa Salisbury mwaka wa 2000. Kwa desturi yao, mwenye shida hupata kwanza cheti kwa daktari, au kwa mwalimu, au kwa mtu mwingine anayejua hali yake. Kwa cheti hicho hupewa chakula cha angalau siku tatu. Katika mwaka wa 2023 hadi 2024 walitoa vifurushi zaidi ya 3,000,000. Tena nchi ile haikupatwa na ukame. Wengine waliopokea wana kazi, lakini kodi ya nyumba na gharama ya moto humaliza mshahara kabla ya mwezi kwisha.

Nchi yetu inalo ghala la namna nyingine, chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka wa 2008. Hilo si ghala la masazo. Serikali hununua mahindi wakati wa mavuno, huyaweka akiba, na ukame ukija huyatoa kwa wilaya zenye upungufu.

3. Hali ya mwenye kutegemea

Kwanza, hachagui. Hupokea kilichopo, hata kama mwili wake hauwezi chakula kile, au hana kuni za kukipikia.

Pili, hungoja. Cheti kina siku yake, orodha ina safari yake toka mkono hata mkono. Lakini tumbo la mtoto halijui safari hiyo.

Tatu, huona haya. Wako wanaolala na njaa kwa kuogopa kuonekana wamesimama mlangoni pa ghala.

Nne, ghala lenyewe huweza kupungukiwa. Mwaka wa 2022 bei zilipanda, na wakimbizi wa vita vya Ukraine wakafika wengi Ujerumani. Tafel nyingi zikaacha kwa muda kuandikisha watu wapya. Hapo hujulikana tofauti ya ghala hilo na dari ya nyumbani mwako. Mahindi yaliyo juu ya meko yako, ufunguo wake unao wewe. Ya ghala la mwenzio, ufunguo uko mkononi mwake.

4. Tufanyeje?

Wako wasemao kwamba chakula cha bure huzaa uvivu, nao hutaja methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wasikilizeni wahenga vizuri. Hawakusema siku ya tatu mfukuze. Walisema mpe jembe. Basi mwenye nyumba hana budi kuwa nalo jembe la kumpa. Kwa mmoja jembe hilo ni mbegu, kwa mwingine ni kazi yenye ujira wa haki, kwa mwingine ni matibabu. Na mzee asiyeweza kushika jembe, yeye ni wa kulishwa, bila kuhesabiwa siku.

Tukitaka kuweka akiba ya mtaa wetu, mahindi yakaushwe sana, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ili fukusi na dumuzi wafe. Watunzaji wawe zaidi ya mmoja, na daftari lisomwe mbele ya watu wote. Lakini majina ya wapokeaji yasisomwe. Mjane apelekewe nyumbani kwake. Tena mmoja wa watunzaji awe mtu aliyewahi kupokea, kwa kuwa yeye anaijua njia ile.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma ya kwamba wajane wengine walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, yakatokea manung'uniko. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuitengeneza kazi. Nasi aliyesahauliwa akilia, tulitazame daftari kwanza kabla ya kumlaumu.

Maswali ya kujifunza

1. Katika mtaa wenu, ni chakula gani huoza, na ni nani aliye na njaa wakati huo huo?
2. Kwa nini mtu mwenye kazi aweza kukosa chakula?
3. Jirani yako akipokea msaada leo, ni jembe gani utakalomwandalia kwa siku ya tatu?