Magadi ya Kufulia Yafanywayo Jikoni

Katika nyumba nyingi limo kopo la magadi soda, yaani ule unga mweupe utiwao katika maandazi na maharage. Lakini si wengi wajuao ya kuwa unga huo ukichomwa hugeuka kuwa magadi makali ya kufulia, yafaayo sana kuondoa mafuta. Basi na tujifunze jinsi ya kuyafanya, na jinsi ya kujilinda nayo.

*Kuyafanya.* Twatandaza gramu 100 za magadi soda katika chombo cha chuma au cha udongo. Sufuria ya alumini haifai. Twaliweka katika tanuri yenye joto la digrii 200 kwa muda wa saa moja, tukikoroga mara mbili tatu. Kwa moto ule unga hutoa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, kwa hiyo uzito hupungua. Tukiupima na kukuta gramu 63 hivi, kazi imekwisha. Ukizidi sana, urudi motoni. Huko Ziwa Magadi, katika Kenya, magadi yachimbwayo ziwani yalianza kuchomwa kiwandani kwa njia kama hii mapema katika karne ya 20.

*Kuyatumia.* Vijiko vikubwa 2 katika ndoo ya lita 10 za maji ya moto vyatosha kwa nguo za pamba. Maji ya visima vingi yana chokaa, nayo huzuia povu la sabuni. Magadi huishika chokaa ile, ikatua chini, na sabuni ikapata kufanya kazi yake. Nguo za sufu na za hariri zisitiwe, maana huharibika. Sufuria za alumini nazo zisisuguliwe kwa magadi haya, kwa kuwa huzila.

*Kuchanganya.* Wengine hutia siki, na wakiliona povu hudhani ya kuwa nguvu imeongezeka. Sivyo; siki na magadi huuana. Siki itumiwe peke yake, kwa ukoko wa chokaa katika birika. Tena siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoka hewa ya sumu ichomayo mapafu.

*Kuyaweka.* Neno hili ndilo kubwa kuliko yote. Magadi haya yafanana kabisa na yale ya kupikia, lakini huchoma macho, kinywa na koo. Mtoto hawezi kuyapambanua, wala mama yake gizani. Yasitiwe katika chupa ya kinywaji wala kopo la chakula. Yaandikwe jina, yafungwe, yawekwe juu, mbali na chumvi na sukari. Yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Mtu akiyameza, asitapishwe. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi.

Twawaomba walimu wanaokutana na akina mama waanze kwa fundisho hili la mwisho, ndipo wafundishe yale ya kwanza.