VIGAE VYA PEWABIC: KAZI YA MKONO KATIKA MJI WA MASHINE

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba kazi ya mkono ni ya watu waliokosa mashine. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nautoa Detroit, Marekani, mji wa magari kabisa.

Mwaka 1903 Bi. Mary Chase Perry alianzisha karakana ya ufinyanzi mjini humo pamoja na jirani yake, Horace Caulkins. Huyu Caulkins alikuwa muuzaji wa vifaa vya madaktari wa meno (usicheke!). Tanuri lake la kuchomea meno ya bandia ndilo lililofaa kuchomea udongo. Karakana ikaitwa Pewabic, jina la mgodi wa shaba wa kule kaskazini mwa Michigan alikozaliwa Bi. Mary. Mwaka 1907 ikahamia jengo ambalo inalitumia mpaka leo.

Sasa kigae chenyewe hutengenezwaje? Udongo hushindiliwa kwa mkono ndani ya kalibu, ukatolewa, ukaachwa ukauke polepole. Ukiharakishwa, hupinda au kupasuka. Kigae kikikauka huchomwa mara ya kwanza. Kisha hupakwa uji wa unga wa mawe na madini, kikarudishwa tanurini, na uji ule huyeyuka ukawa ngozi ya kioo. Hapa ndipo penye utamu. Wafinyanzi wengi wa kwetu huchoma vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi, lakini tanuri limefungwa, kwa hivyo fundi anaweza kuzidisha au kupunguza hewa. Wanakemia watanielewa: shaba ikichomwa penye hewa ya kutosha hutoa kijani, hewa ikipungua hutoa nyekundu. Bi. Mary alisifika kwa rangi zinazogeuka ukizitazama huku na huku, kama mafuta juu ya maji. Hata vigae vya tanuri moja havifanani sawasawa.

Mwaka 1913, pale pale karibu, Highland Park, Henry Ford alianza kuunda magari kwa mstari unaotembea, kila gari pacha wa lingine. Bi. Mary hakutaka karakana yake iwe kiwanda cha namna hiyo. Je, alikosa wateja? Hata! Vigae vyake vimo katika jengo la Guardian la mwaka 1929, pale Detroit, na katika kanisa kubwa la National Shrine kule Washington.

Alifariki mwaka 1961. Baadaye Chuo Kikuu cha Michigan State kiliiendesha karakana, na mwaka 1981 ikachukuliwa na chama kisichotafuta faida. Treni ya juu ya mjini ilipofunguliwa mwaka 1987, baadhi ya vituo vyake vilipambwa kwa vigae vya Pewabic, na karakana ingali inavitengeneza.