Kabla ya kukagua zizi, kagua choo

Mvua za masika zikianza Machi, majani chini ya minazi ya Mafia huchipua na ng'ombe wananenepa. Ni neema kwa mfugaji wa Kirongwe, Baleni au Ngombeni anayetarajia kuuza dume kwenye bucha za Kilindoni. Lakini mvua hizohizo hufurisha mashimo ya vyoo na kusomba kinyesi kilichoachwa vichakani, na pamoja nacho mayai ya tegu, hadi malishoni na kwenye vidimbwi wanamokunywa mifugo.

Tegu wa ng'ombe akishapevuka huishi katika utumbo wa binadamu tu. Hufikia urefu wa mita 4 na kuzidi, na huangusha pingili nyeupe, bapa, zenye kujongea zenyewe. Pingili moja hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Jua kali huyakausha yakafa, ila penye kivuli na unyevu, kama chini ya minazi yetu, huweza kukaa miezi kadhaa yakiwa hai.

Ng'ombe akilimeza yai, mdudu huanguliwa tumboni, hupenya utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kutua katika misuli: moyo, ulimi, taya, kiwambo na miguu ya mbele. Hapo hufanya lengelenge la maji lenye ukubwa wa punje ya kunde. Baada ya wiki 10 hivi, lengelenge huwa tayari kumwambukiza atakayelila bichi. Piga hesabu: yai lililomezwa Machi ni hatari mezani ifikapo Juni.

Ng'ombe mwenyewe hakohoi, hakondi wala hachechemei. Ndiyo maana wengi hawajui lolote mpaka siku ya kuchinja.

Wafugaji wa ngamia kaskazini mwa Kenya na Somalia nao hupata vimelea kwenye minofu. Ngamia wao hushambuliwa na sarkosisti, kimelea ambacho mbwa hukipata kwa kula nyama mbichi na kukirudisha malishoni kwa kinyesi chake. Wao hawana budi kumnyima mbwa nyama mbichi. Sisi, kwa tegu wa ng'ombe, hatuna mbwa wa kumsingizia. Anayepeleka mayai malishoni ni mtu. Kumchoma ng'ombe sindano huku wakwezi, wafuaji nazi na wachungaji hawana choo shambani ni kutupa fedha.

Basi wiki hizi, mvua hazijakolea, fanya haya:

Kwanza, chimba choo shambani, si nyumbani tu. Udongo wetu ni wa mchanga na maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo jengea shimo kwa matofali au pete za saruji, inua sakafu yake juu ya usawa wa ardhi, na uliweke mbali na kisima. Uchafu unaotolewa chooni usiumwage kwenye majani ya malisho.

Pili, anayeona pingili kwenye nguo au kinyesi aende zahanati. Tegu hutibika kwa vidonge vinavyotolewa na mganga kwa kipimo. Mama mjamzito aseme mapema. Hilo si jambo la kufichana, hasa kwa mtu anayelisha ndama kwa mkono, kwani ndama huambukizwa na mikono isiyonawiwa.

Tatu, mnyweshe ng'ombe kwenye birika, usimwache anywe kwenye vidimbwi vilivyo chini ya makazi ya watu.

Siku ya kuchinja, mwite mkaguzi wa nyama, hata kama ni ng'ombe wa harusi, hitima au Idi ya kuchinja. Atapasua moyo, ulimi na misuli ya taya kutafuta malengelenge. Yakiwa machache, nyama huweza kuokolewa kwa kugandishwa kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10, au kwa kuchemshwa vizuri. Yakiwa yametapakaa, mzoga wote hutupwa, na hasara ni yako. Mabaki yafukiwe, mbwa na paka wasiyafikie.

Jikoni, nyama iliyochemka mpaka ikaiva kwa ajili ya pilau haina shaka. Mashaka yako kwenye mshikaki wa vipande vinene uliobabuka nje na kubaki mwekundu ndani. Kata vipande vidogo, punguza moto, subiri. Joto la nyuzi 60 likifika katikati ya mnofu, lengelenge hufa.

Wenye mashamba yanayopakana, kaeni pamoja kabla ya Machi na muamue vyoo vya wakwezi vitachimbwa wapi na nani atagharimia saruji. Ng'ombe huvuka mipaka ya mashamba, na mwenye choo hawezi kumkinga dume wake iwapo jirani hana.